Ramani za DHIS2: kikao cha CHMT zinakitosha, barazani bado

Programu ya ramani iliyomo ndani ya DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ndiyo ramani ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ambayo mtunza takwimu wa halmashauri anaipata bila kuomba fedha wala kusubiri mtaalamu kutoka wizarani. DHIS2 yenyewe ilizaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ni ya bure, na ndiyo inayobeba takwimu za kawaida za vituo vya afya: Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na kwa Tanzania ndiyo inayopokea ripoti za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Takwimu zimo humo tayari, mipaka imo, vituo vimo. Unabonyeza mara tano sita, ramani imetoka.

Tathmini hii inaiangalia programu hiyo kwa kazi moja tu: kuonyesha takwimu za afya mbele ya watu wanaopanga fedha, wawe ni timu ya afya ya halmashauri (CHMT), madiwani, au kamati ya afya ya kaunti. Tumeiweka pamoja na zana nyingine mbili za kuchora ramani, QGIS na Datawrapper, kwa sababu kuna mahali inapokwama ambapo hizo mbili zinaokoa. Kwa kutafuta tatizo liko wapi, ni nzuri sana, na hatujui njia nyingine ya haraka kama hiyo. Kwa kumshawishi mtu asiyekuwepo wakati ramani inatengenezwa, haitoshi, kwa kuwa inakuruhusu kuficha mambo matatu bila hata kukusudia: idadi ya walengwa (watu wanaotarajiwa kupata huduma) imetoka wapi, madaraja ya rangi yamekatwa kwa kanuni gani, na nani hakuleta ripoti.

Inavyofanya kazi

Fungua programu ya ramani, ongeza tabaka la takwimu, chagua kiashiria, chagua kipindi, chagua ngazi (mikoa, halmashauri, kata au vituo), kisha chagua mtindo. Mitindo ni miwili: kupaka rangi eneo zima, au kuweka viduara vinavyokua kadiri idadi inavyokua. Chini ya ramani kuna jedwali unaloweza kulifungua, ukapanga halmashauri kuanzia ya chini kwenda ya juu na ukachuja, thamani zilizo chini ya 80 tu zikabaki. Jedwali hilo halisifiwi vya kutosha. Katika kikao, mtu akiuliza "hii ya kijani hafifu ni ngapi?", jibu liko hapo hapo.

Kwa vipindi, unaweza kuonyesha kipindi kimoja, kuweka mstari wa muda unaocheza mwezi kwa mwezi, au kugawa kioo kuwa ramani ndogo ndogo zisizozidi 12. Tumia ramani ndogo ndogo. Mstari wa muda unapendeza machoni, lakini ukifika Julai mtazamaji ameshasahau Machi ilikuwaje. Ramani 12 kando kwa kando zinamwonyesha malaria ikipanda baada ya mvua na kushuka bila kumtaka akariri kitu.

Jambo moja huwachanganya wengi siku ya kwanza: ripoti iliyoingizwa leo asubuhi haionekani kwenye ramani leo. Seva lazima kwanza iandae upya majedwali yake ya uchambuzi, na kwa kawaida kazi hiyo imepangwa usiku. Anayesahihisha takwimu saa tatu ili aonyeshe ramani saa nne ataonyesha ramani ya jana.

Rangi: hapa ndipo ramani hudanganya

Chukua mfano wa mkoa wenye halmashauri kumi, na kiwango cha Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta kwa watoto) kikiwa asilimia 48, 79, 81, 82, 84, 86, 88, 91, 94 na 131. Namba hizo tumezitunga kwa ajili ya mfano, lakini sura yake kila aliyefanya kazi ya chanjo anaijua.

Ukiiachia programu igawe katika madaraja matano yenye upana sawa, tofauti ya 131 na 48 ni 83, kila daraja linapata upana wa 16.6. Matokeo: 48 peke yake, 79 na 81 pamoja, kisha halmashauri sita kuanzia 82 hadi 94 zote rangi moja, daraja la nne tupu, na 131 peke yake juu kabisa. Thamani mbili zisizo za kawaida zimekula rangi zote, na halmashauri zilizo katikati, ambazo ndizo kikao kinatakiwa kuzijadili, hazitofautishiki.

Ukichagua madaraja yenye idadi sawa ya halmashauri, kila rangi inapata mbili: 48 na 79, 81 na 82, 84 na 86, 88 na 91, 94 na 131. Sasa halmashauri yenye 79 imepakwa rangi ileile ya yenye 48, na imetenganishwa na yenye 81 kana kwamba kuna bonde kati yao. Mganga Mkuu wa halmashauri hiyo atapata lawama asizostahili, na wa ile ya 48 atapata mwenzake wa kujificha nyuma yake.

Dawa ni madaraja yaliyowekwa kabla, kwa mantiki ya mpango wenyewe wa afya. Kwa chanjo, lengo la kimataifa lililozoeleka ni asilimia 90 kitaifa na 80 katika kila wilaya. Basi kata: chini ya 50, 50 hadi 79, 80 hadi 89, 90 hadi 100, na zaidi ya 100. Kwa mfano wetu, 48 inasimama peke yake kama inavyostahili, 79 iko chini ya lengo kwa hatua moja, tano zimevuka lengo la wilaya, mbili zimevuka 90, na 131 inapata rangi yake ya pekee inayosema "hapa kuna tatizo la takwimu". Zaidi ya hayo, madaraja yaleyale yatatumika robo ijayo. Ukiiachia programu ikate kila mara, mipaka inahama kila robo, na halmashauri inaweza kubadilika rangi bila mtoto mmoja zaidi kuchanjwa.

Msimamizi wa mfumo ndiye anayetengeneza madaraja hayo, kisha anayaunganisha na kiashiria. Mwambie jambo moja kwa msisitizo: daraja la mwisho lisikatikie 100. Thamani isiyoangukia daraja lolote mara nyingi huachwa bila rangi, na halmashauri yenye 131 hutoweka kwenye ramani kama isiyo na takwimu kabisa. Peleka daraja la juu hadi 300 hata kama inaonekana ni kichekesho.

Walengwa, na ile asilimia 131

Asilimia 131 ya watoto haiwezekani, lakini kwenye mfumo inatokea kila siku, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza ni makadirio ya walengwa. Namba hizo hutoka kwenye sensa, zikisogezwa mbele kwa kiwango cha ukuaji. Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923 katika sensa ya 2012 na 61,741,120 katika ya 2022. Halmashauri zilizokua haraka kuliko wastani zilikuwa na walengwa pungufu kwenye mfumo kwa miaka mingi, na zilizohamwa zilikuwa na walengwa hewa. Ya pili ni mipaka: mama anapeleka mtoto kliniki iliyo karibu, hata kama iko halmashauri ya jirani. Halmashauri ya mjini inavuka 100, ya vijijini inayoizunguka inabaki 70, na ukizijumlisha mbili zinapata 88 ya kweli. Kwa hiyo ukiona kisiwa cheusi cha 130 kimezungukwa na pete iliyofifia, usianze kwa kuilaumu pete. Jumlisha kwanza.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi, na huleta kosa la upande wa pili. Kiashiria cha chanjo lazima kiwe kimewekewa alama ya kukokotoa kwa mwaka, ili robo moja igawanywe kwa robo ya walengwa. Alama hiyo ikisahaulika, watoto wa miezi mitatu wanagawanywa kwa walengwa wa miezi 12, na mkoa mzima unatoka na asilimia 20 na kitu, nyekundu tupu. Ramani ya robo ikitoka nyekundu kila mahali kwa usawa, angalia alama hiyo kabla ya kumpigia mtu simu.

Na kama unachoonyesha si asilimia bali idadi kamili (wagonjwa, vifo, dozi), usipake rangi maeneo. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 ndani ya kilometa za mraba 1,393. Lindi ina 1,194,028 ndani ya zaidi ya 66,000. Kwenye ramani ya kupaka, Lindi inakula macho karibu mara 47 ya Dar es Salaam ilhali watu wake hawafiki robo. Idadi iende kwenye viduara. Rangi ibaki ya viwango.

Viwango navyo vina hila yake idadi inapokuwa ndogo. Kata yenye vizazi 400 kwa mwaka ikipata kifo kimoja cha mama mjamzito, kiwango ni 250 kwa vizazi 100,000. Vikiwa viwili ni 500. Kata imeruka kutoka njano hadi nyekundu iliyoiva kwa msiba mmoja. Msiba huo ni mzito na lazima ujadiliwe kwa jina lake katika kikao cha vifo vya uzazi, lakini rangi ya kata hiyo haikuambii kitu kuhusu kata ya jirani iliyokuwa na bahati mwaka huo. Kusanya miaka mitatu, au onyesha idadi kwa viduara, au panda hadi ngazi ya halmashauri.

Nani hakuleta ripoti

Hili ndilo tunaloilaumu programu zaidi. Halmashauri yenye vituo 40 ambavyo 22 tu vimeleta ripoti itaonyesha malaria chache. Imepakwa rangi tulivu, na mtu anaweza kuipongeza. Programu haikuonyi. Sehemu zisizo na takwimu kabisa nazo huachwa wazi bila rangi hadi uwashe mwenyewe chaguo la kuzionyesha. Liwashe, na zipe rangi ya kijivu.

Kuna njia ya kuzunguka, nayo ni nzuri kiasi kwamba ingefaa iwe desturi. Ongeza tabaka la pili juu ya la kwanza: chini malaria kwa rangi, juu kiwango cha utumaji ripoti kwa viduara. Kiduara kidogo juu ya rangi tulivu kinajieleza chenyewe. Ukiona viduara vimesongamana, ondoa kwa kuchuja zile zilizozidi asilimia 95, zibaki zenye mashaka tu.

Takwimu za tafiti nazo zisichanganywe na hizi kiholela. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta maambukizi kwa watoto ya asilimia 7.3 kitaifa, Kigoma ikiwa karibu 24 na Arusha chini ya 1. Sampuli ya utafiti ule inasimamia mkoa. Kuchukua 24 ya Kigoma na kuipaka kwenye kila halmashauri yake ni kudai unajua usichokijua, na diwani wa mjini atakuwa na haki ya kuuliza.

Namba za GPS za vituo

Tabaka la vituo linategemea namba za GPS, na makosa yake yana anwani zake. Kituo cha Dar es Salaam kiko takriban latitudo −6.8, longitudo 39.3. Namba zikibadilishana nafasi, kituo kinaangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka, kinaangukia Ethiopia. Zikiwa tupu na mfumo ukaweka sifuri, kinaelea baharini katika Ghuba ya Guinea. Makosa haya yanajianika: vuta ramani mpaka uone bara zima, vituo vilivyopotea utaviona.

Lakini Kenya ina mtego wake, kwa kuwa ikweta inapita katikati. Kituo cha Nairobi, −1.29 na 36.82, kikipoteza alama ya kutoa kinahamia Samburu. Bado ni Kenya, bado ni nchi kavu, hakuna anayeshtuka. Njia ya kukikamata ni kulinganisha kituo na mpaka wa kaunti yake mwenyewe, jambo ambalo QGIS inalifanya kwa hatua moja na programu ya DHIS2 haikufanyii.

Kosa la mwisho linajificha hata zaidi: nyuzi na dakika kuandikwa kana kwamba ni desimali. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.50. Ikiandikwa 6.30, kituo kimesogea kilometa 22. Kuhusu usahihi, tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, maana ya nne inapima kama mita 11. Yenye tarakimu mbili tu inaweza kukosea zaidi ya nusu kilometa. Na kumbuka kuwa faili ya GeoJSON (ya mipaka na vituo) inayoingizwa DHIS2 hutanguliza longitudo kisha latitudo, kinyume cha simu nyingi zinavyoonyesha.

Mduara wa kilometa 5

Programu inaweza kuchora mduara kuzunguka kila kituo, na kama seva imeunganishwa na Google Earth Engine (huduma ya Google ya data za setilaiti na ramani), ikahesabu watu walio ndani kwa kutumia makadirio ya idadi ya watu ya WorldPop ya miraba ya mita 100. Kwa mpango wa kujenga zahanati hili ni jambo kubwa: badala ya kata kuomba kwa sauti, unaona watu wangapi wako nje ya kilometa 5.

Tahadhari ni kwamba mduara haujui maji wala milima. Chora mduara wa kilometa 5 kisiwani Ukara na sehemu yake itaangukia Ziwa Victoria. Chora kando ya mto Kilombero na utawahesabu watu wa ng'ambo ambao masika hawavuki. Hapo tumia AccessMod ya Shirika la Afya Duniani, ambayo nayo ni ya bure: unaipa barabara, mito, miinuko na mwendo wa mtembea kwa miguu, inakupa dakika badala ya kilometa. Inataka siku kadhaa za kazi na kompyuta yenye nguvu, lakini kwa uamuzi wa jengo litakalosimama miaka 50, siku hizo si nyingi.

Ukichora mduara ndani ya QGIS, jihadhari na vipimo. Faili iliyo kwenye EPSG:4326 (namba ya mfumo wa latitudo na longitudo) inapima kwa nyuzi. Ukiandika 5 umeomba nyuzi 5, zaidi ya kilometa 550, na mduara wa zahanati moja unafunika nusu ya nchi. Badili kwanza uende kwenye mfumo unaopima kwa mita: EPSG:32737 kwa Dar es Salaam, Pwani na kote mashariki ya longitudo 36. EPSG:32736 kwa Mwanza na Tabora. Kigoma mjini iko EPSG:32735. Kisha andika 5000, kwa kuwa sasa ni mita.

Lini uhamie QGIS

Hamia pale ramani itakapochapishwa, itakapoingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, au itakaposomwa bila wewe kuwepo. Picha inayotoka DHIS2 ni ya kioo: ufunguo wa rangi ni mdogo, na nafasi ya kuandika chanzo, tarehe ya kutoa takwimu na kiwango cha utumaji ripoti ni finyu. QGIS inakupa karatasi nzima uipange utakavyo. Faili yake ya kusakinisha inazidi GB 1, kwa hiyo ipakuliwe mara moja ofisini na isambazwe kwa flashi.

Kazi yenyewe: toa jedwali la DHIS2 kama CSV (faili ya jedwali iliyo maandishi matupu), pakia mipaka, unganisha viwili hivyo kwa safu iliyomo kwenye vyote, nenda kwenye "Symbology" chagua "Graduated", andika madaraja yako kwa mkono, kisha "Print Layout". Asilimia tisini ya matatizo yanatokea kwenye kuunganisha, tukisema kwa makadirio ya mkono.

Majina hayafanani. Kwenye faili moja ni "Murang'a" yenye alama iliyonyooka, kwenye nyingine alama imepinda kwa sababu ilipitia Word. Kwa jicho ni neno lilelile, kwa kompyuta ni mawili tofauti. "Taita Taveta" na "Taita/Taveta", "Elgeyo-Marakwet" na "Elgeyo/Marakwet". Kwa Tanzania ni nafasi ya ziada baada ya "DC", au jina lisiloonyesha kama ni mji au wilaya. Unganisha kwa namba, siyo kwa jina: Kenya tumia namba ya kaunti au namba ya kituo ya MFL (orodha kuu ya vituo vya afya), Tanzania namba ya kituo ya HFR (rejista ya vituo vya afya) au kitambulisho cha DHIS2 chenyewe. Baada ya kuunganisha, hesabu maeneo yaliyobaki tupu. Kaunti ni 47. Ukiona 45 zimepakwa, usiendelee.

Mipaka imepitwa na wakati. Faili nyingi zinazozunguka mtandaoni bado zina Mbeya kabla ya Songwe kukatwa mwaka 2016, na nyingine hata hazina Geita, Katavi, Njombe na Simiyu za 2012. Takwimu za Songwe hazitakuwa na pa kukaa, na Mbeya itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Fungua faili, hesabu mikoa ya Bara: iwe 26.

Namba zimegeuka maneno. Ukiona kiashiria hakionekani kwenye orodha ya "Graduated", mara nyingi ni kwa sababu CSV imeandika "1,204" yenye mkato au "87%" yenye alama, na QGIS imeisoma kama maandishi. Safisha kwenye Excel, pakia tena.

Kama faili ya mipaka ni nzito, ipunguze kwenye mapshaper.org, asilimia 5 hadi 10 ya nukta inatosha kwa ramani ya ukurasa mmoja. Washa chaguo la kuzuia maumbo yasifutwe, la sivyo visiwa vidogo vitatoweka, na hakuna heshima katika kumwonyesha mbunge ramani ya nchi isiyo na kisiwa chake.

Datawrapper tuiseme kwa ufupi. Inafanya kazi kwenye kivinjari, inakubali jedwali la Excel na mipaka yako, na inatoa ramani ambayo msomaji akigusa kaunti kwenye simu anaona namba yake. Kwa tovuti na vyombo vya habari ni bora kuliko mbili zilizotangulia. Kwa takwimu za ndani usiitumie, kwa sababu ukishachapisha, jedwali nalo limetoka.

Karatasi, projekta na WhatsApp

Ramani za afya zimezoea nyekundu, njano na kijani, kama kadi za alama. Tatizo ni kwamba makabrasha ya baraza hupigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani vikifika huko ni kijivu kimoja. Mwenye upofu wa rangi hizo naye hushindwa kuzitofautisha. Tumia rangi moja inayoiva: buluu hafifu hadi buluu nzito, au njano hadi kahawia, ukichagua kutoka ColorBrewer ambayo ni ya bure na ina chaguo la zinazostahimili fotokopi. Piga fotokopi ya jaribio kabla ya nakala 60. Kwenye projekta ya ukumbi wenye madirisha wazi, rangi mbili za mwanzo hufifia zikawa nyeupe. Zisogeze zote hatua moja kuelekea giza, na usizidi madaraja matano.

Toa picha kwa 300 dpi, A4 iwe pikseli 2480 kwa 3508. Ukiituma WhatsApp itume kama hati, siyo kama picha, maana picha hubanwa na majina ya kata hugeuka ukungu.

Nukta za wagonjwa

Tabaka la matukio ndani ya DHIS2 linaweza kuonyesha kila mgonjwa kama nukta. Kwa timu inayofuatilia mlipuko wa kipindupindu, ndani ya chumba chao, lina thamani kubwa. Lisitoke nje ya chumba hicho. Katika kijiji chenye nyumba zilizotawanyika, nukta moja ya kifua kikuu au VVU ni sawa na jina la mwenye nyumba. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022, na taarifa za afya ni nyeti katika zote mbili. Kwa wasikilizaji wa nje kusanya hadi kata, na pale idadi ilipo chini ya 5 andika "chini ya 5" badala ya namba yenyewe. Angalia pia ruhusa za ramani uliyohifadhi ndani ya mfumo, kwa kuwa ukiifungulia umma wa watumiaji, nayo inaonekana na kila mwenye nywila anayefikia takwimu hizo.

Ukishaipanga ramani ya QGIS vizuri mara moja, ihifadhi pamoja na CSV yake kwenye folda moja. Robo inayofuata badilisha CSV peke yake, jina la faili na majina ya safu yakibaki yaleyale: madaraja, rangi, kichwa na ufunguo vitajijaza vyenyewe, na kazi iliyochukua siku mbili itachukua kama dakika 20. Kitu pekee cha kuandika upya kwa mkono ni mstari wa chini: tarehe takwimu zilipotolewa na vituo vingapi kati ya vingapi vilileta ripoti.